Kreti Iliyorudi Imejaa

Saa nane na dakika kumi mchana tumbo lilikaza. Lilikaza tena saa nane na ishirini, kisha na nusu. Niliandika nyakati hizo pembeni mwa karatasi ya kukatia magauni. Mimi ni fundi cherehani, na mambo ya uzazi nilijisomea katika kitabu kikuukuu cha Kifaransa. Mimba ilikuwa ya wiki thelathini na moja. Mapafu ya mtoto hayakuwa tayari.

Hospitalini daktari aliandika dawa mbili: ya kuzuia uchungu, na ya kukomaza mapafu, ambayo huhitaji siku nzima kufanya kazi.

"Hapa hatuna kitu, mama. Tafuteni, tena mbio."

Ilikuwa miaka ya vita na vikwazo vya biashara, embargo. Mume wangu alikimbilia mtaani kwetu Nyakabiga, kwa jirani yetu mwenye duka la dawa, mtu aliyekula harusini kwetu. Dawa za faranga elfu sita alizitaja elfu ishirini na nne.

"Muke wangu anataka kuzaa mbele ya wakati," mume wangu alimwambia.

"Mi siye nilimupa mimba, shefu. Embargo iko. Unataka bei ya zamani? Rudia mwaka ya zamani."

Akaenda kuuza redio. Alinifikia na dawa saa kumi na mbili kasorobo, uchungu ukija kila dakika tano. Nilichomwa sindano, ukatulia. Siku ya tatu nikazaa binti wa kilo moja na nusu. Alilia. Niliposikia kilio kile nilianza kupanga.

Miezi miwili baadaye majirani walikuja guhemba, kumpongeza mzazi kwa vinywaji na hotuba. Mwenye duka la dawa naye alileta kreti ya bia, akitabasamu. Kwa desturi wanaume ndio huhutubu, mzazi hunyamaza. Nilisimama na karatasi yangu, nikasoma saa, bei, na maneno yake yote kama mume wangu alivyonisimulia. Kisha nikaomba vijana wawili wairudishe kreti mlangoni kwake, haijafunguliwa. Kwetu hakuna tusi kubwa zaidi.

"We dada, mbele ya watu?"

"Ndiyo, jirani. Mbele ya watu wanaonunua dawa."

Wateja walianza kulipita duka lake. Wiki iliyofuata alimtuma mkewe na bahasha: ile ziada yote. Nilihesabu noti, zilitimia, nikamrudishia. Nilitaka mumewe abaki nazo, pamoja na aibu yake.

Nilipoteza faranga elfu kumi na nane.