Sindano ya Utotoni

Fundi cherehani alikuwa na miaka thelathini na moja alipoanza kuhema kwa kukanyaga pedali tu. Wateja walimtania, "Dada, unashona au unapanda mlima?" Alicheka nao, mpaka miguu ikavimba akashindwa kuvaa viatu.

Hospitalini, daktari alimsikiliza kifua kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Utotoni uliwahi kuumwa koo, halafu magoti yakavimba?"

Mama yake, aliyemsindikiza, ndiye aliyejibu. "Aliumwa, daktari, akiwa na miaka tisa. Nilimpa maji ya chumvi asukutue. Magoti tukasema mtoto anarefuka."

Daktari akaeleza kwamba ugonjwa ule wa koo ulizaa homa iliyoharibu vali za moyo. Sasa fundi alihitaji upasuaji, na foleni yake ilikuwa ya miaka mitatu.

"Ungezuiwa na nini?" mama akauliza.

"Sindano ya penisilini, mama."

"Sindano tu?"

"Sindano tu."

Wakashika njia ya kurudi nyumbani. Fundi alitaka kumwambia mama yake kwamba hana kosa, lakini alijizuia, maana kwa kweli alikuwa anamlaumu. Fundi alifariki mwaka uliofuata akiwa bado kwenye foleni, na neno hilo la kumwondolea mama lawama hakuwahi kulisema.