Uzi Mweusi wa Masikioni

Binti zangu wote wawili niliwatoga masikio mwenyewe. Nilikuwa fundi cherehani kijijini Hasamba, na miaka ile mitumba ilipojaa sokoni watu waliacha kushona nguo mpya, kwa hiyo sifa nikazitafuta kwingine. Nachemsha sindano, napitisha uzi mweusi kwenye ndewe, naufunga kitanzi, napaka mafuta, kisha kila asubuhi nauzungusha kidogo mpaka kidonda kikauke. Mkubwa alipona upesi. Akavaa hereni kutoka Tunduma, na majirani wakaanza kuniletea mabinti zao. Kichwa kikanivimba, sifichi.

Mdogo alisema hataki. Nikamcheka. “Mbona dada yako hakulia?” Nikambana kwa magoti, nikapitisha sindano. Uzi ulikuwa uleule, mafuta yaleyale, mkono uleule. Kidonda kilikauka vizuri, ila miezi ilivyopita nyama ikaota pale kwenye tundu, ngumu, inang'aa. Ikafikia ukubwa wa tunda la kahawa, ikazidi kukua.

Nikampeleka hospitali. Mume wangu alikuwa Zambia kwenye biashara zake.

“Mama,” daktari akauliza, “kwenu au kwa kina baba yake kuna mtu mwenye kovu lililovimba hivi? Hali hii hutembea kwenye ukoo. Kama ipo, kulikata tu hakusaidii, linaweza kurudi kubwa zaidi.”

“Hakuna,” nikajibu haraka. Mtoto alikuwa amekaa pembeni yangu, anatusikia.

Wakakata. Likarudi kubwa kuliko la kwanza. Mwanangu akaanza kujifunga kilemba kama mwanamke mzima, akagombana na walimu waliotaka akivue. Mimi nyumbani nilikuwa namlaumu yeye. Nilisema amelichokonoa, nilisema hakupaka dawa, nilisema mengi ambayo leo yananichoma nikiyakumbuka.

Kwetu mke wa mtu hamtazami baba mkwe wake. Akitokea njiani unainama, au unakatiza kwenye mibuni mpaka apite. Jina lake hulitamki. Miaka yote ile mzee nilimjua kwa kikohozi chake na kwa viatu vyake, basi. Uso wake niliuona mara ya kwanza alipofariki, wazee waliponiruhusu niingie kumuaga.

Chini ya sikio lake palikuwa na kovu limeota, gumu, linang'aa.

Nililia mpaka nikashikwa. Wanawake wakanisifu kwamba nimempenda mkwe wangu. Nami nilikuwa nalia kwa sababu ya neno moja nililomjibu daktari. Ningesema sijui, pengine wasingekata. Mkubwa amechukua ngozi ya kwetu, mdogo amechukua ya babu yake, na mimi nilikuwa nimewapima wote kwa sindano moja.

Matanga yalipokwisha nilimwita mdogo jikoni. Nikamuuliza kama aliwahi kuliona lile kovu.

“Siku zote, mama. Nilikuwa nalichezea akinipakata.”

“Sasa mbona hukumwambia daktari?”

Akavuta kilemba chake kikafunika sikio vizuri.

“Ulikuwepo, mama. Na wewe ndiye uliyetufundisha kwamba babu hatajwi mbele yako.”