Hewa ya Kale Shambani kwa Baba

Kazini walimwita Mama Chupa, kwa kuwa alikuwa haonekani bila kreti ya chupa. Alikuwa fundi wa maabara ya udongo. Kazi yake ilikuwa kuchimbia pete za plastiki ardhini, kuzifunika, kuvuta hewa iliyopumuliwa na udongo na kuifungia chupani ipelekwe kupimwa umri. Hewa itokayo kwenye mizizi ya msimu huu hubeba kaboni changa, yenye mionzi yake; itokayo kwenye mabaki ya kale imezeeka, mionzi imefifia.

Mtafiti mkuu alipotafuta kinamasi kilichokaushwa kwa kilimo, Mama Chupa alimpeleka kwa baba yake. Mzee ndiye aliyechimba mfereji wa kwanza, akakigeuza kinamasi kuwa bustani ya mboga, majirani wakamwiga.

"Pimeni, pimeni!" alisema, akimsogezea mgeni kiti. "Huyu ni kitinda mimba wangu. Sikumsomesha bure."

"Watu wanachota maji, dada, wewe unachota hewa?" kaka yake akamtania. Wakacheka hadi machozi.

Majibu yalipotoka, hewa ilikuwa ya maelfu ya miaka. Matope yaliyolala salama chini ya maji yalianza kuoza tangu mfereji ulipofunguliwa, na kaboni yake ya kale ikawa inapanda angani na kuongeza joto duniani. Mtafiti alimpongeza fundi wake mbele ya watu. Ripoti ikaenda wizarani, na wizara haikuchelewa: mifereji izibwe, maji yarudi, wakazi wahame.

Mama Chupa alimfuata mtafiti ofisini. "Bosi, wale ni ndugu zangu. Wataenda wapi?"

"Tulipima udongo, dada," alijibu bila kuondoa macho kwenye kompyuta. "Watu hawakuwemo kwenye mradi."

Katapila lilifukia mfereji huku mzee akiwa amesimama pembeni, jembe mkononi, kama mtu aliyesahau alichokuja kufanya. Maji yaliingia shambani, yakaingia jikoni. Kaka mtu akamchukua baba, wakabanana na mkewe na wanawe kwenye chumba cha kupanga mjini.

Huko Mama Chupa alimfuata baba yake na mfuko wa matunda.

"Shikamoo, baba."

Mzee alimtazama, kisha akamgeukia mkwewe. "Mwambie huyo mgeni, mwenye nyumba hayupo."

"Baba, ni mimi."

"Nilimkaribisha mwanangu shambani, akaja na kitanzi. Mwanangu sina."

Kaka yake akamshika mkono hadi mlangoni, akamrudishia mfuko wake. "Tusionane tena," akasema, na akafunga.

Masika yalipopita, mtafiti alitaka kujua kama kinamasi kimetulia na hewa ya kale imekoma kutoka. Nani anakijua zaidi? Mama Chupa akavaa buti ndefu, akaingia majini palipokuwa na matuta ya bamia. Alikuwa akifunga kifuniko cha pete pale jirani mmoja wa zamani, aliyerudi kutega kambare, aliposogea na mtumbwi wake.

"Pole na msiba, mama."

"Msiba gani?"

Yule bwana akajing'ata midomo. "Mzee. Tulimzika wiki iliyopita. Nilidhani... hukuambiwa?"

"Mmemzika wapi?"

"Nisamehe. Kaka yako ametukataza kukuonyesha."

Akapiga kasia, akaenda zake. Kwenye gari la maabara dereva alipiga honi, na chupa zilikuwa bado tupu. Mama Chupa akainama, akavuta hewa ya kwanza.