Taa Zilizokunywa Mawese ya Samaki

Mnacheka kabla sijaanza, nawaona, maana hapa Rumonge pote, katikati ya michikichi yote hii, ni mutu mmoja tu aliyewahi kukosa mawese ya kukaangia wageni samaki, na mutu huyo ndiye mimi.

Siku ile mama yake Neema, mchumba wangu, na shangazi yake walikuja kuona nyumba ambayo binti yao angekuja kukaa. Shangazi hakuwa na shida, alinipenda zamani. Shida ilikuwa mama. Alikuwa amesikia mimi ni mutu wa maneno mengi (sijui nani alimwambia, labda masikio yake mwenyewe), na alimwambia Neema wazi kwamba asiporidhika siku hiyo, ndoa hakuna. Nami bila Neema, jamani, ningeenda wapi?

Basi wamekaa tu, mvua ikashuka kutoka ziwani, tukafunga madirisha, umeme ukakatika, simu zote hazina moto kwenye betri, sebule ikawa giza mchana kama ndani ya gunia. Dada yangu Furaha alikuwa nyuma, jikoni, akaniita, "Kaka, kimbia kwa jirani uazime taa ya sola!" Mutu mwenye akili angekimbia. Mimi nikajibu kwa sauti, ili mama asikie vizuri, "Sola ya nini? Sisi wa Kigwena tumekulia na taa ya mawese!" Nikabeba bidoni, dumu letu la mawese lililokuwa nyuma ya mlango, nikapanga makopo ya sardini kila pembe, nikachana fulana yangu ya zamani nikasokota tambi, nikamimina, nikawasha. Aisee, ilipendeza! (Moshi ulikuwepo kidogo, siwezi kukataa.) Nikaanza kuwaeleza jinsi bibi yangu alivyotengeneza zake, na kila nilipozidi kueleza nikaongeza kopo lingine.

Shangazi akavuta pumzi. "Mmh! Sikia hiyo harufu. Huyu dada yako anajua kukaanga!"

Hata mama akasogeza kiti karibu na meza. Nikajua nimeshinda.

Tukangoja. Harufu inazidi, samaki hawaji, shangazi anameza mate, mimi naendelea na habari za bibi. Mwishowe Furaha akaingia na kikaango kikavu, mikeke, wale samaki wa ziwa letu, imelala ndani mibichi kabisa.

"Kaka, bidoni ya mawese iko wapi?"

Macho yangu yalikwenda kwenye pembe ya kwanza, ya pili, na yeye akayafuata mpaka akazunguka sebule yote.

"Mungu wangu! Ameyawasha!"

"Kumbe tulikuwa tunaona njaa kwa ajili ya taa!" shangazi akasema, akapiga makofi, akacheka mpaka akashika mbavu.

Mama hakucheka. Alisimama, akaenda kwenye kopo lililokuwa karibu, akainama akaliangalia muda mrefu. Nikasema moyoni, kwaheri Neema.

"Mukwe," akasema (neno hilo hakuwahi kuniita hata siku moja!), "unataka tuonane ao tule?"

Nilitafuta maneno yangu yote mengi, nikapata moja.

"Tule, mama."

Akazipuliza taa mwenyewe, moja moja, Furaha akamimina mabaki kwenye kikaango. Tulikula gizani mikeke yenye harufu ya fulana yangu, mwiba ukanikwama kooni, na sikuthubutu hata kukohoa. Siku hizi umeme ukikatika mimi nakaa kimya palepale nilipo, na mke wangu Neema ndiye anayekwenda kwa jirani.