Vipande Vyeupe vya Fundi Leodegar

Fundi cherehani haaminiki. Nalisema hilo mapema ili msije mkaniona mbaya peke yangu. Waulizeni watu wa Kariakoo wote. Unampelekea mtu kitambaa cha gauni, anakupima, anakuambia njoo Alhamisi. Unakwenda Alhamisi, unakwenda Ijumaa, unakwenda na Jumatatu. Siku gauni likiisha, vipande vilivyobaki huvioni. Ukiuliza anatikisa kichwa: "Kitambaa chenyewe kilikuwa kidogo, mama." Kidogo wapi! Mwezi haujaisha unamkuta mtoto wa fundi kavaa kikaptula cha maua yaleyale ya gauni lako.

Kwa hiyo Leodegar alipohamia nyumba yetu ya Mtaa wa Sikukuu, chumba kilichopakana na changu, nilikuwa nimeshamhukumu hata sanduku hajalitua. Alikuwa mtu wa Masasi, mwembamba, umri kama hamsini hivi, hana mke, hana mgeni. Cherehani yake ya kukanyaga ilikuwa Mchafukoge, kwenye baraza ya duka moja la vitambaa. Asubuhi anatoka, jioni anarudi. Salamu anatoa vizuri, lakini ukitaka kuendeleza maneno unamkuta ameshapita.

Mimi ni Agnesi, ingawa mtaani wote wananiita Mama Severa kwa jina la binti yangu. Ni mjane. Natunza altare katika kanisa letu la Anglikana: nafua vitambaa, nasugua vinara, nachuma maua. Ni kazi inayotaka macho, na macho Mungu kanijalia. Waumini wote nawajua wanakokaa kwenye mabenchi, na Leodegar alikaa benchi la mwisho kabisa, karibu na mlango. Padri akiinua mkono kutoa baraka, yeye alikuwa nje tayari. Sasa mtu anayeikimbia baraka, jamani, ana nini?

Mwaka ule wa themanini na tatu, fundi akiwa na mwaka wa nne kwetu, mnaukumbuka. Sabuni hakuna, sukari hakuna, kitambaa ndiyo usiseme. Duka la ushirika likipata shehena, foleni inazunguka mitaa miwili, na ukifika mbele unaambiwa zimekwisha. Kisha serikali ikaanza kuwasaka walanguzi. Watu walioficha mali wakaingiwa na hofu: huyu anamwaga sukari chooni, yule anatupa katoni za sabuni bonde la Msimbazi. Kila mtu akawa anamwangalia jirani yake mara mbili. Mimi nilikuwa naangalia mara tatu.

Ndipo nilipoanza kumwona Leodegar vizuri. Kila jioni alirudi na kifurushi kidogo kwapani. Asubuhi anatoka mikono mitupu. Kinaingia, hakitoki! Mlango wake ulikuwa na makufuli mawili, wakati sisi wengine tunafunga kwa kipande cha waya. Na alipokuwa ndani jioni, ungesikia mkasi: kwaru, kwaru, kwaru. Nyumbani hana cherehani. Anakata nini?

Nikampelekea maneno Bi Mwanamkuu, mwenye nyumba wetu, mwanamke wa pwani, mtu mzima wa kuheshimika. Nilimkuta uani anachambua mchele.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Uso huo vipi?"

"Huyu fundi ana jambo. Tutakuja kufungwa nyumba nzima."

Alinitazama, akapuliza makapi. "Agnesi, mwache mja wa Mungu. Kodi analipa, kelele hana. Wewe unataka akukosee nini ndiyo uridhike?"

"Na makufuli mawili?"

"Makufuli yake, mlango wangu. Wewe hapo una nini?"

Nikanuna. Nikajua wamekula njama. Ndivyo shaka ilivyo, ikikuingia inamla hata anayemtetea unayemshuku.

Alhamisi moja, saa kumi na moja jioni, nilikuwa naanika nguo upande wa dirisha lake. Ubao wa dirisha ulikuwa na ufa. Sikuufanya mimi huo ufa, lakini jicho nililiweka mimi. Jua lilikuwa linaingia ndani sawasawa. Juu ya kitanda niliona kitambaa cheupe kimekunjwa, kinene, cheupe pee, na pembeni gunia dogo limefungwa mdomo. Kitambaa cheupe! Wakati kitambaa cha altare yangu kimekuwa chujio, kila nikikifua nakuta tundu jipya, nimelalamika hapo uani mpaka koo limekauka. Kumbe mtu anacho chumba cha pili! Nilikasirika mno. Sioni aibu kusema.

Jumamosi nikaenda kwa Mzee Mrisho, balozi wetu wa nyumba kumi. Mzee mtaratibu, mswalihina, lakini kazi ya chama haifanyii mzaha.

"Mzee, kwa fundi Leodegar kuna majora ya kitambaa."

"Majora?" akauliza. "Umeyaona kwa macho yako, ndugu Agnesi?"

Hapo ndipo ulimi uliponiponza. Niliona kitu kimoja kimekunjwa. Lakini nilishasema majora, na kurudi nyuma niliona kama kujitia ujinga.

"Kwa macho yangu," nikasema.

Akavaa kofia yake. "Hili si jambo la mchezo. Likiwa kweli, atakwenda kizuizini na cherehani yake itachukuliwa. Kesho nitakuja na wanamgambo wawili. Kanisani kwenu siingii kumkamata mtu, lakini nje ya geti ni njia ya watu wote. Akitoka, atatufungulia chumba."

"Huwa anatoka kabla ya baraka," nikamwambia. Hata hilo nililisema.

Kesho yake ilikuwa Sikukuu ya Mavuno. Utaniuliza mtu wa Kariakoo anavuna nini. Tunavuna! Wengine wana vitalu vya mchicha bonde la Msimbazi, wengine wana mihogo Buguruni, mwingine ana kuku wake wawili uani. Siku hiyo kila mtu analeta alicho nacho. Na kwetu desturi ni hii: huweki kitu ukaenda zako. Unasimama mbele na mavuno yako mkononi, unasema unashukuru kwa jambo gani, ndipo Padri anapokea. Baada ya ibada vitu vinanadiwa nje, na vicheko vingi, jogoo mmoja anaweza kununuliwa na kurudishwa mnadani mara nne.

Ilikuwa kipupwe, asubuhi ina kibaridi. Nilikuwa mlangoni napokea maboga nilipomwona Leodegar anakuja. Kwapani ana furushi. Si kifurushi cha kila siku, hili lilikuwa kubwa, limefungwa kwa gazeti na kamba. Nikaduwaa. Nikasema moyoni, haa, mtu amenusa! Kapata habari, sasa analeta mali yake kuificha kanisani, ikikutwa tufungwe sisi na Padri wetu.

Nikamzuia. "Fundi, hilo nini?"

"Mavuno yangu, mama."

"Wewe una shamba wapi?"

Akatabasamu, jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya. "Utaona," akasema, akapita. Akaenda kukaa benchi la pili kutoka mbele.

Ibada ile sikuisikia. Kupitia dirishani niliona kofia ya Mzee Mrisho nje ya geti, na wanamgambo wawili wameegemea ukuta. Ulipofika wakati wa shukrani, watu wakapanga mstari. Mmoja akashukuru kwa mchicha na mjukuu, mwingine kwa kupona malaria. Zamu ya Leodegar ikafika, yeye wa mwisho. Alisimama akiwa ameshika lile furushi kwa mikono yote miwili, sauti yake ndogo, watu wakainamisha vichwa kumsikiliza.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele na milele, amina."

"Mimi si msemaji," akasema. "Mwaka wa kwanza nilipofika mtaa huu niliota mdudu wa kidole, kidole hiki cha kushikia sindano. Kikavimba, usiku silali, nikaambiwa kitakatwa. Fundi bila kidole hiki ni nini? Jirani yangu mmoja akanigongea mlango. Akanikandia kwa maji ya chumvi, kisha akapasua yai, akanifunga nalo. Siku tatu, mayai matatu. Na mayai mnajua yalivyokuwa. Kidole kikapona. Nikaweka nadhiri kwamba kidole hiki kitashona kitu cha nyumba ya Bwana, na sitasema kwa mtu mpaka kiishe. Jirani huyo ni Mama Severa, anayetutunzia altare. Nimemsikia uani akilia kwamba kitambaa kimetoboka. Mama, ndicho hiki."

Akafungua gazeti.

Kilikuwa kitambaa cha altare, kirefu kamili. Watu wa mbele wakasema, "Loo!" Hakikuwa cha jora. Kilikuwa cha vipande, mamia ya vipande, kingine kama kiganja, kingine kama kidole, vimeunganishwa kwa mkono, mshono mdogo mpaka huuoni. Vyeupe vyote, ila weupe haukulingana. Ukikitazama vizuri unaona hiki kimefuliwa sana, hiki kipya.

"Ni masalio ya kanzu za Idd, miaka mitatu, narudi nayo jioni kidogo kidogo," akasema. "Wenyewe nimewaomba, wakanipa. Sikuchukua cha mtu bila kumwambia."

Na mimi? Yale mayai nilikuwa nimeyasahau kabisa. Na niwaambie ukweli, sikumwuguza kwa wema. Nilichoka kumsikia akiguna usiku kucha ukutani, nikaamka kwa hasira kumnyamazisha. Huyu mtu alikuwa amekaa miaka mitatu anashona shukrani kwa hasira zangu, na mimi nimemwekea mgambo getini. Nilitamani sakafu ipasuke.

Padri akapokea kitambaa, akanipungia nikitandike. Niliinuka. Miguu ilinipeleka upande mwingine, mpaka nje, mpaka getini.

"Mzee Mrisho," nikasema, "rudi nyumbani. Hakuna majora."

"Unasemaje?"

"Nilichungulia dirishani. Niliona kitambaa kimoja. Majora niliyasema mimi, hayakuwepo."

Uso wa mzee ukabadilika. "Agnesi, jana ulisema kwa macho yako. Unajua ulikuwa unanifanya nimfanye nini mtu yule?"

"Najua."

"Siwezi kuondoka kwa kauli yako tena. Kauli yako imeshaharibika. Nitakiona mwenyewe hicho kitambaa."

Nyuma yangu watu walikuwa wameanza kutoka, kwa kuwa Padri alimaliza mapema kuwahi mnada. Leodegar alikuwa kati yao. Aliwaona wanamgambo, akaniona mimi, na nikaona kabisa jinsi alivyoelewa. Akarudi ndani kuomba kitambaa, akaja nacho, akakifungua mbele ya balozi, huku akishika ncha zake kisiguse vumbi.

Mzee Mrisho akakikagua mshono kwa mshono. Kidole chake kikasimama kwenye kipande kimoja chenye mstari mwembamba wa hariri. "Hiki ni cha kanzu yangu," akasema taratibu. "Ya Idd ya mwaka juzi. Uliniomba, nikacheka."

"Ndiyo, mzee. Kile cha pili ni cha mtoto wa Bi Mwanamkuu."

Balozi akawaambia wanamgambo waende zao. Akamshika Leodegar mkono kwa mikono miwili. "Nisamehe, ndugu yangu. Nani aliyeleta habari hii, unataka kumjua?"

Watu wote wakasogea karibu. Nikasema mwenyewe, kwa sauti, kabla Leodegar hajanisitiri: "Ni mimi. Mimi Agnesi."

Mnada siku hiyo haukuwa na vicheko. Leodegar alinunua boga, akaenda zake.

Nilimwomba radhi jioni ileile, nimepiga magoti barazani, Bi Mwanamkuu akishuhudia. Akasema, "Nimekusamehe, mama," na naamini alisema kweli. Hakuhama. Salamu aliendelea kunipa. Makufuli yakapungua, likabaki moja.

Krismasi ilipokaribia, Severa wangu akawa anapata kipaimara. Kwa bahati na foleni ya siku mbili nilipata kitambaa cheupe cha gauni. Nikampelekea fundi kulekule Mchafukoge. Akampima mtoto, akasema, "Njoo Alhamisi." Nikaenda Alhamisi, gauni lipo tayari, limepigwa pasi, limekaa vizuri ajabu. Juu ya gauni kulikuwa na kikaratasi kimekunjwa.

"Vipande vyako hivyo, mama," akasema. "Vyote vimo."

Nikafungua. Kweli vyote vilikuwamo, hata vile vya ukubwa wa ukucha.

"Fundi, hivi nilitaka ubaki navyo," nikasema. "Kitambaa cha altare kitahitaji kiraka siku moja."

Akakunja kile kikaratasi tena, akanirudishia mkononi bila hasira. "Hapana, mama. Wewe chukua. Nisije nikaonekana nimebaki na cha mtu."

Kila Jumatatu mimi ndiye ninayekifua kile kitambaa, kwa mkono, kwa maji baridi. Nakitandaza uani, nakipitia mshono kwa mshono. Cha Mzee Mrisho kipo. Cha mtoto wa Bi Mwanamkuu kipo. Watu wa Mtaa wa Sikukuu karibu wote wamo, na wengi wao hata kanisani kwetu hawajawahi kuingia. Changu hakimo.