Kiti nilichotengeneza kambini kilivyomponza mkulima wa tumbaku, Songea

Wakuu, salaam kwenu nyote, wakongwe na mliojiunga juzi.

Haya yalinitokea mwenyewe. Nimebadili majina tu, kwa sababu wahusika wana watoto, na watoto siku hizi wanasoma humu kuliko sisi.

Swali lililoninyima usingizi lilikuwa hili: uzi mwekundu, mfupi kuliko kidole, umekutwa ndani ya tumbaku ya mtu, na wewe peke yako unajua umetoka wapi. Unasema au unanyamaza?

Mtu wa kawaida analijibu amesimama. Mimi lilinichukua siku tatu. Nilikuwa na shahada.

Nimekumbuka baada ya kuona uzi wa jamaa humu anauliza anunue kiti gani cha kukunja cha kambini. Watu wazima, wengine wajukuu wanawasubiri nyumbani, wanamshauri kwa picha. Achukue chenye mahali pa kuwekea chupa. Achukue chenye mto wa shingo. Jamani. Mnakwenda porini au saluni?

Ngoja niwaambie habari za viti vya kambini.

Ilikuwa miaka ya tisini, biashara imefunguliwa, kila mwenye lori ghafla ni mnunuzi wa mazao. Serikali ilikuwa haiajiri. Vyeti vyetu vilitufaa kupepea mkaa. Nilikuwa nimepanga chumba Mjimwema, pale Songea mjini, nakula kwa mama mmoja Mfaranyaki aliyekuwa ananiita "mwalimu" kwa huruma tu, maana sikuwa nafundisha popote.

Kampuni moja binafsi ya tumbaku, sitaitaja, ikanichukua ukarani wa msimu. Ahadi ilikuwa kwamba nikimaliza msimu bila doa, naajiriwa moja kwa moja. Hilo neno "bila doa" nililibeba kama yai mdomoni.

Bosi wangu aliitwa Bwana Kisanga, alitoka Dar. Yeye alikuwa mteuzi. Kwa wasiojua, mteuzi ndiye anayefungua mtumba wa tumbaku wa mkulima (mtumba ni robota lililoshindiliwa, msifikirie nguo), anapekua majani, ananusa, anataja daraja. Au anakataa. Akikataa, mkulima anabeba mzigo wake kurudi nao nyumbani, akautazame.

Tulipelekwa kijiji kimoja mbele ya Namtumbo. Godauni lipo, pa kulala hapapo. Ikabidi tupige kambi pembeni ya godauni kwa wiki mbili.

Bwana Kisanga alikuja na vifaa. Hema la kizungu lenye fito za plastiki, na viti viwili vya kukunja, vya rangi ya machungwa, alivyosema vimetoka Ulaya. Alivifungua mbele ya kijiji kizima taratibu, kama padri anafungua tabernakulo.

Kiti cha kwanza kilidumu mpaka chai. Alikaa, kikasema ta!, bosi akawa chini na kikombe juu. Hakumwaga hata tone, hilo nampa. Cha pili aliniachia mimi nikijaribu, nacho kikafa ubavu. Hema lilivumilia hadi upepo wa alasiri. Mnaoujua upepo wa Songea wakati wa kiangazi mnajua. Fito mbili zilikatika, hema likalala chali kama mbuzi aliyeshiba.

Hapo ndipo nikaona nafasi yangu. Msomi anaingia kazini.

Nilitoa daftari nikachora. Nawaambia kweli, nilichora. Mwelekeo wa upepo, pembe ya jua, urefu wa nguzo. Nilitumia saa nzima kuwaza fundo moja.

Lakini kazi ilitoka, siwezi kuikana. Nilichimbia nguzo mbili zenye panda, nikalaza mti mrefu juu, nikatupia turubai la lori. Matobo ya pembeni ya turubai yalikuwa yamechanika, kwa hiyo nilifunga kijiwe kidogo ndani ya kila pembe, kamba nikaikaza nyuma ya kijiwe, ikashika bila kuteleza. Upande wa upepo nikaushusha mpaka chini, upande wa pili nikauinua. Ndani pakawa na kivuli na utulivu.

Viti nikavifanya hivi. Miti mitatu inafungwa kileleni, inatanuliwa miguu mitatu. Mti wa nne mfupi unafungwa kwa mbele, usawa wa magoti. Halafu unachukua mfuko mtupu, unaufunga juu kileleni na chini kwenye ule mti mfupi, unaning'inia kama mbeleko. Ukikaa, unakupokea mgongo na makalio kwa pamoja. Ni raha ambayo kiwanda cha Ulaya hakiijui.

Mifuko niliyotumia ilikuwa ya sukari, ya nailoni, yenye mistari myekundu. Tulikuja nayo na vyakula vyetu kutoka mjini. Pale kijijini hakuna aliyekuwa nayo. Niliipasua kwa kisu, na ukingo mwingine nikauchana vipande vyembamba nikafanya kamba.

Wakati nafunga alikuja Shaibu. Huyu ni mkulima wa pale, miaka kama arobaini, mrefu, ana ulimi. Nikamwamkia shikamoo, akaitika huku anazunguka kiti changu.

"Bwana mdogo, hiki ni kiti au mtego wa nguruwe?"

Wenzake wakacheka. Akachuchumaa, akagusa fundo langu, akaniambia niachane na manailoni yale, atanipa kamba za magome ya myombo. Zinakaza zikikauka, na ndizo wao wanazofungia kila kitu sokoni pale, hata mlango wa godauni.

Nikamshukuru kwa tabasamu la mtu aliyesoma. Moyoni nikasema, magome? Mimi? Bosi aone nimefunga kiti chake kwa magome?

Sasa wakuu, sheria ya kwanza ya tumbaku ni kwamba nailoni haikaribii. Tumbaku inafungwa kwa gunia la katani na inashonwa kwa uzi wa katani, kwa sababu uzi wa nailoni ukiingia huko viwandani haupepetwi, unakwenda kuungua kwenye mdomo wa mvutaji. Mkulima akikutwa na nailoni, mtumba unakataliwa na jina lake linapelekwa kampuni. Msimu unaofuata hapati mbolea wala mbegu. Kwa mtu wa kule, ambako kahawa haioti na mahindi hayana mnunuzi wa maana, hiyo ni kufutwa.

Sheria hiyo niliijua. Niliisoma mwenyewe kwa sauti siku ya kwanza mbele ya wakulima, nikaifafanua vizuri, na mifano. Kisha nikaketi kuchana nailoni hatua tano kutoka kwenye kasha ambalo kijiji kizima kilishindilia tumbaku, takataka nikizisukuma kwa mguu.

Haikunijia kabisa kwamba sheria ile inanihusu na mimi. Sheria ilikuwa ya wakulima. Hivyo ndivyo tulivyokuwa, watu wa kampuni.

Bwana Kisanga alikipenda kiti. Alikaa, akajinyoosha, akasema kijana una kichwa. Akaagiza vingine vitatu. Nikachana mifuko zaidi.

Jioni hiyo Shaibu na mkewe walishindilia mitumba yao ya mwisho kwenye kasha lile, na upepo ukivuma.

Kesho yake soko likaanza. Bosi anateua akiwa amekaa, wakulima wamesimama juani na mizigo yao. Mtumba wa kwanza wa Shaibu ukafunguliwa. Katikati ya majani, uzi mwekundu. Wa pili ukafunguliwa, nyuzi mbili.

Bwana Kisanga aliziinua juu watu wote wazione. Kisha akazibana kwenye fomu ya kukataa, akanipa niandike jina.

Shaibu hakupiga kelele. Alisema nyumbani kwake hakuna mfuko wa nailoni hata wa dawa, anatumia vikapu, waende wakapekue.

"Kila mwongo nyumbani kwake kuna vikapu," bosi akajibu.

Alilisema hilo amejilaza kwenye mistari myekundu. Ilikuwa imemzunguka mabega kama kanzu ya kwaya. Watu zaidi ya thelathini walikuwa wanamtazama, na hakuna aliyeona, kwa sababu nani anakagua kiti cha mteuzi?

Mimi niliona. Nikaandika jina. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri sana siku hiyo.

Mkewe Shaibu alikuja kubeba gunia. Aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, hivi na mwaka kesho hatumo?" Nikamwambia sijui, mama. Nilijua.

Zikaanza siku tatu za upuuzi wangu.

Fomu zilikuwa zinasubiri lori la Jumamosi kwenda Songea. Zikishafika, jina halitoki. Kwa hiyo nilikuwa na muda wa kuwaza, na kuwaza ndiyo kazi niliyosomea.

Niliwaza kwamba pengine uzi haukutoka kwangu. Nikawaza kwamba nikisema, bosi ataaibika, akiaibika mimi ndiye doa. Nikawaza niandike barua isiyo na jina, halafu nikakumbuka kwamba pale kambini watu wanaoandika barua ni wawili, na mmoja ni bosi. Nikawaza nimpe Shaibu msaada kimyakimya. Nikawaza kwamba nikiajiriwa nitakuja kuwasaidia wakulima wengi zaidi, kwa hiyo kunyamaza ni uwekezaji. Hili la mwisho nililipenda mno. Mnaoshika ofisi leo mnalifahamu, ndilo mnalolalia.

Mwishowe nikapata suluhisho la kisomi. Mchana watu wakiwa kwenye mlo, nilikunja kingo za viti vyote nikazishona kwa katani, nikaokota kila kipande chini, nikachoma. Nilifanya kazi safi. Nikajiona mtu mwema.

Siku iliyofuata mitumba yote ilikuwa safi. Hakuna uzi hata mmoja.

Bwana Kisanga akafurahi, akawatangazia wakulima.

"Mnaona? Tangu tumtoe yule mchafu wenu, soko limetakata."

Na wakulima, wenzake, majirani waliokula naye, wakatikisa vichwa. Mmoja akasema kumbe kweli. Mwingine akakumbuka kwamba hata mwaka juzi Shaibu alikuwa na maneno mengi.

Hapo nikaelewa nilichofanya. Mwanzo Shaibu alikuwa ameshukiwa tu. Mimi ndiye niliyempatia bosi ushahidi dhidi yake, kwa sindano na katani.

Usiku ule sikuwaza sana, kwa mara ya kwanza. Kulikuwa hakuna kilichobaki cha kupima.

Ijumaa asubuhi wakulima walishajipanga. Bosi alikuwa ndiyo kwanza anakaa. Nilimwendea na kisu mkononi, na nadhani watu walielewa vibaya, maana wawili walirudi nyuma.

"Bosi, naomba usimame."

"Kuna nini?"

"Simama kwanza, mkuu."

Akasimama. Nikafumua ule mshono niliouweka mwenyewe, nikavuta uzi mmoja kutoka kwenye ukingo. Nikachukua fomu ya Shaibu mezani, nikaulaza uzi wangu kando ya ule uliobanwa pale. Nikampa mkulima wa mbele aangalie, naye akampa wa nyuma yake. Fomu ilitembea mkono kwa mkono mpaka mwisho wa mstari.

Nikawaambia viti nilivitengeneza mimi, nailoni niliichana mimi, pale, karibu na kasha, siku ambayo Shaibu alishindilia. Na nilijua tangu siku ya kwanza. Hili la mwisho lilitoka kwa shida.

Kisha nikaanza kukata kamba. Kiti cha kwanza kikalala, cha pili, cha tatu. Bwana Kisanga alinitazama muda wote huo, na swali alilokuwa nalo, mbele ya watu waliosimama juani siku nne, lilikuwa hili:

"Sasa mimi nitakaa wapi?"

Wakuu, kicheko kilichopigwa pale sijakisikia tena. Bibi mmoja ilibidi ashikwe. Bosi alijaribu kukasirika, akakosa pa kuanzia, akasema mitumba ya Shaibu iletwe. Shaibu akaitwa, akaileta. Aliipekua kwa kusimama, kama wenzake wote, ikapata daraja. Fomu aliichana mwenyewe.

Shaibu alipopita mbele yangu sikujua niseme nini, nikasema nisamehe, kaka. Akaniangalia vizuri.

"Siku tatu, msomi?"

Akapita kwenda kwenye mizani.

Ajira sikupewa. Bosi aliandika kwamba nina ujuzi mzuri wa mikono lakini nakosa utulivu, na hapo hakukosea sana. Lori la Jumamosi lilipokwenda Songea na mimi nilikuwemo, juu ya mitumba.

Nilichojifunza si kikubwa. Kiti ukikijenga vizuri kitakubeba wewe, lakini kabla hujakaa tazama mabaki yake yanaruka kwenda kwa nani. Na ukishajua umekosea, sema siku hiyohiyo. Kila marekebisho ya kimyakimya yanamchimbia mwenzako zaidi.

Yule jamaa wa kiti chenye mahali pa chupa, nunua tu, ndugu yangu. Humponzi mtu.

Wenye kunisema, nisemeni, nimekaa hapa. Ila mniambie ukweli: mngekuwa ninyi, mkataba unanukia na jina la mtu liko mkononi, mngefungua mdomo siku ya ngapi?