Saa za Shemeji

Kazi yake ilikuwa kuzamia bandarini na kusugua matumbo ya meli. Shemeji yake, mume wa dada yake, alimuuzia saa akiapa kwamba haipitishi maji. Siku moja ikasimama akiwa chini ya meli. Akadhani bado ana muda, hewa ikamwishia, na mwenzake ndiye aliyemwokoa. Alipolalamika, shemeji alicheka: "Wanawake mnapenda kukuza mambo."

Mzamiaji huyo hakusahau. Meneja wake alipomtaka awachagulie wazamiaji wote saa za kutegemewa, akamwita shemeji kwa bashasha. Shemeji akaja amenyoosha suti, na sanduku zima la saa mkononi.

"Hizi zinafika mita ngapi, shemeji?"

"Mia mbili!"

"Basi vaa moja, tushuke wote."

Shemeji akarudi nyuma hatua moja. "Mimi sijui kuogelea."

"Usijali, ndoo ya maji inatosha."

Akazitumbukiza zote, taratibu, huku akimtazama usoni. Wakanywa chai pamoja na meneja. Walipozitoa, vioo vilijaa ukungu na mishale imeganda. Meneja akamwonyesha shemeji mlango, na saa zikanunuliwa kwingine.

Dada yake alikuja kumwombea mumewe msamaha.

"Nitamsamehe," alijibu, "nikishashiba kucheka."